Usiniulize mji mkuu wa Mongolia

Juzi nilipanda boti Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba. Mzee aliyekaa ubavuni kwangu akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nasomesha jiografia chuo kikuu. "Mashaallah! Basi niambie, mji mkuu wa Mongolia?" Kwa bahati naujua. Nikamtajia, akaridhika kuwa mshahara wangu nakula kwa halali.

Hili nimelisikia mpaka limenikinai: kwamba mwanajiografia ni mtu aliyehifadhi miji, mito na milima. Siku ile swali la jiografia lilikuwa chini ya boti yetu. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, na ule wa Unguja ni makumi ya mita tu. Zama za barafu maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara kwa miguu, Pemba ikabaki kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na mpaka leo ina kima punju, ilhali Pemba haikuwa nao. Kima punju walioko msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu. Mzee ningemweleza yote haya, lakini alikuwa keshaanza kunitafutia mji mkuu mwengine.

Kwa mzee si kitu. Kinachoniudhi ni dhana hiyohiyo kuingia ofisini kwangu na mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

"Utafiti wako ni wa nini?"

"Karafuu za Pemba, mwalimu."

"Zimefanya nini?"

Kimya. Ameandika kurasa kumi za maelezo: Pemba iko wapi, ina wilaya ngapi, mvua kiasi gani, karafuu huchumwa vipi. Hakuna hata sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Anadhani mwanajiografia huchagua mahali kisha akapasifia, kumbe mahali ni pa kuanzia kuuliza. Kwa nini Pemba na si Unguja? Mikarafuu ilistawi kwanza Unguja, Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, akiwashikilia watu waipande. Aprili 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba kikaigusa kidogo tu. Uzito wa zao ukahamia kaskazini na haujarudi. Je, ni kimbunga peke yake? Mbona miti iliyopandwa upya Unguja haikuirudisha nafasi ile? Hapo kuna udongo, kuna mvua, kuna nani alikuwa na ardhi na nani alikuwa mchumaji, kuna bei. Swali moja tu hapo linatosha shahada ya uzamivu, na mwanafunzi wangu analipita akikimbilia kunihesabia wilaya.

Nasaha yangu ni ileile kila mwaka, na kila mwaka wanaikunjia uso: kabla hujafungua kompyuta, nenda shamba. Mkulima atakwambia hapa ni kinongo, pale ni kinamo, kule ni uwanda, hapaoti kitu ila muhogo wa kubahatisha. Majina hayo ni uainishaji kamili wa udongo, umefanywa na watu waliokula au waliolala na njaa kwa sababu yake. Uandike kwanza. Satelaiti itakungoja.

Na hapo naingia kwa wale wanaosema ramani zimekwisha, simu inazo zote. Kuanzia 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa chuo kikuu walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Picha nzuri sana. Bati la nyumba unaliona mpaka kutu yake. Lakini haikwambii nani kajenga, kahamia lini kutoka wapi, na kwa nini kajenga kwenye njia ya maji. Kazi ndiyo inaanza.

Wengine: "Ukikaa sana chuoni utakuwa profesa." Hukai ukawa. Mwenye shahada ya kwanza yenye alama za juu huajiriwa ngazi ya chini kabisa, akipata uzamili huwa mhadhiri msaidizi, uzamivu ndio unamfanya mhadhiri. Kutoka hapo kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, unaulizwa umechapisha nini. Mvi hazihesabiwi.

"Zanzibar ndogo, hakuna cha kutafiti." Peter Haggett, aliyekuwa profesa wa jiografia Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na mwenzake Andrew Cliff walikwenda kuchunguza surua Iceland, maana kisiwa chenye watu wachache maradhi huingia kwa chombo, huenea, huzimika, yakangoja chombo chengine. Kwenye bara kubwa huoni hilo wazi. Udogo ndio uliowapeleka.

Na ile ya kwamba mada ya kwanza ya utafiti ni ndoa isiyo talaka: David Harvey, ambaye leo dunia nzima inamjua kwa maandishi yake juu ya mji na mtaji, uzamivu wake Cambridge ulikuwa juu ya kilimo cha Kent karne ya 19, mashamba ya hopsi, mmea wa kutilia bia. Mimi mwenyewe nilianza na udongo wa mikarafuu. Sasa napima fukwe za mashariki ya Unguja, mahali wanawake wanapolima mwani, kwa sababu siku moja bibi mmoja wa Paje alinionyesha vigingi vyake vya zamani na kuniuliza mchanga umekwenda wapi. Sikuwa na jawabu.

Mwenye rasimu aniletee ofisini Jumanne, yenye alama ya kuuliza ndani yake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, msinitafute: maji yakikupwa asubuhi nipo pwani na kamba ya kupimia.