Frank McWorter na mji wa New Philadelphia: yanayosemwa na yaliyokuwa

Katika Kaunti ya Pike, jimbo la Illinois, kuna uwanda wa nyasi uliokuwa mji. Aliyeuanzisha, Frank McWorter, alizaliwa mtumwa South Carolina mwaka 1777. Mengi yanayosimuliwa juu yake yanampunguzia haki yake.

Dhana: Bwana wake alimwachia huru.
Hapana, alijinunua. Huko Kentucky alimlipa bwana wake ada ili aruhusiwe kufanya vibarua vyake, akaingia kwenye kazi ya kutengeneza shura, chumvi ya baruti. Udongo wa mapangoni uliloweshwa, maji yake yakapitishwa kwenye majivu ya kuni, kisha yakachemshwa mpaka zikabaki chembechembe. Baruti haitengenezeki bila shura, na vita vya 1812 dhidi ya Uingereza viliipatia soko.

Dhana: Alijikomboa kwanza, kisha jamaa zake.
Alianza na mkewe, Lucy, mwaka 1817, kwa dola 800. Lucy alikuwa mjamzito, na kisheria mtoto alifuata hali ya mama, si ya baba. Laiti Frank angetangulia yeye, mtoto angezaliwa mali ya bwana na kungojea kununuliwa. Squire akazaliwa huru. Frank alijinunua 1819, kwa dola 800 nyingine. Kwetu sisi, hii ndiyo hesabu ya busara kuliko zote alizopiga. Mwaka 1829 aliutoa mtambo wake wa shura ili kumkomboa mwanawe Frank, aliyekuwa ametorokea Kanada. Jumla ya waliokombolewa ilifika watu 16, yeye mwenyewe akiwamo.

Dhana: Mji ulichipuka wenyewe.
Ulipimwa mwaka 1836: viwanja 144, kila kimoja futi 60 kwa 120, ndani ya ekari 42. Viwanja vyenyewe vilichukua kama ekari 24. Zilizobaki ni mitaa na vichochoro. Pesa za mauzo zilisaidia kuwakomboa waliobaki utumwani. Mwaka 1837 Bunge la Illinois lilipitisha sheria iliyompa jina la McWorter, pamoja na haki ya kununua na kuuza ardhi na kushtaki mahakamani. Muuzaji asiye na haki hiyo akidhulumiwa, hana pa kudai.

Dhana: Ulikuwa mji wa watu weusi watupu, tena wa kwanza.
Weusi na weupe walikuwa majirani, weupe wakiwa wengi. Na makazi ya watu weusi huru yalikuwapo Fort Mose, Florida, tangu 1738. Upekee wa New Philadelphia ni mwingine: ndio mji wa kwanza unaojulikana kupimwa na kusajiliwa kisheria na Mmarekani mweusi kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe.

Dhana: Reli iliuua ghafla.
Mwaka 1865 ulikuwa na wakazi kama 160. Reli ya 1869 iliupita kwa kaskazini, biashara ikaifuata. Sehemu kubwa ilifutwa kisheria 1885, ila familia kadhaa zilibaki. Baadaye jembe lilivuruga tabaka la juu la udongo, na ndiyo sababu wengi walidhani hakuna kilichosalia. Kuanzia 2002 wanaakiolojia waliokota vipande shambani, wakapima ardhi kwa vifaa vya umeme, kisha wakachimba: misingi na stoo za chini ya nyumba, zilizokuwa chini ya kina cha jembe, zilikuwa bado zipo.