Mtutu mrefu haupeleki marisawa mbali

Huku Dodoma tangu enzi za wazee tunaambiwa shotigani ya zamani inayojipakia yenyewe ukiifunga mtutu mrefu inapeleka marisawa, vile vidonge vidogo vya risasi, mbali zaidi, ndugu zangu hapana, baruti ya siku hizi inaungua karibu yote ndani ya sentimita 50 za kwanza, urefu unaobaki unakusaidia kulenga tu. Kazi kubwa ni ya choki, ule mbano wa sentimita chache karibu na mdomo: iliyobana kabisa inaweka kama asilimia 70 ya marisawa kwenye duara la sentimita 76 ukiwa mita 36, mtutu usio na mbano kama asilimia 40, yanatawanyika hadi ndege kanga kwenye mtama anapita katikati yake hana jeraha. Sasa mtu anakata mdomo, choki yote imeenda na kipande! Ukitaka kuipanua mpelekee fundi mwenye leseni, apime kwa kipimo.