Meza ya Jikoni Haisimami kwa Magurudumu

Wiki iliyopita mteja alinitumia picha kwa simu: kisiwa cha jikoni, yaani meza ya kuandalia chakula inayosimama katikati ya jiko, cheupe, juu jiwe linalong'aa, chini magurudumu manne madogo kama ya begi la safari. Akaandika: "Fundi, mimi nataka meza ya kawaida tu, halafu unatia magurudumu iwe inahama." Ni mteja wa nne mwaka huu, na wote wanne wameniandikia lile neno "tu". Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu huku gundi inanikaukia mkononi, kwa hiyo leo naliandika hapa moja kwa moja.

Magurudumu hayatiwi mwishoni. Ukishaamua kwamba meza itahama, umeamua urefu wake, uzito wake, mbao zake, mahali pa droo na namna itakavyogusa sakafu. Anayekuambia atakutengenezea meza ya kawaida kisha akufungie magurudumu manne chini atakuuzia meza inayotetereka, na utaitumia kwa kuwekea vikapu vya vitunguu.

Tazama mtu anayekanda unga wa chapati kilo mbili. Hakandi kwa vidole. Ananyoosha mikono, anainama, anausukuma unga kwa viganja na uzito wa kifua, anaukunja, anausukuma tena. Kila msukumo unakwenda chini na mbele kwa pamoja. Meza ya kulia chakula haikutani na nguvu hiyo hata siku moja, maana kazi yake ni kubeba sahani. Meza ya kuandalia chakula inasukumwa, inapigwa, inakatiwa mifupa, na yote hayo mara mia ndani ya saa moja. Hapo ndipo magurudumu manne yanapoumbuka.

"Lakini fundi, si yana breki?" Yana breki, ndiyo, na suala la breki ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote, kwa sababu mtu akishaliona lile kofia jekundu la kukanyaga anaamini mambo yamekwisha. Gurudumu la kugeuka lina viungo viwili. Kuna ekseli ambayo gurudumu lenyewe linazungukia, na kuna shingo ambayo mwili mzima wa gurudumu unageukia. Breki za bei nafuu zinashika ekseli peke yake. Shingo inabaki huru. Na ekseli haikai chini ya shingo sawasawa, imevutwa nyuma sentimita mbili tatu, ndiyo maana gurudumu linaweza kujigeuza lenyewe unapolisukuma. Kwa hiyo ukikanyaga breki zote nne kisha ukasukuma meza, magurudumu hayazunguki, ila shingo zinageuka, na meza inaogelea: sentimita mbili huku, sentimita mbili kule. Mwenye kisu mkononi anajua sentimita mbili zina maana gani.

Zipo breki zinazoshika vyote viwili, ekseli na shingo. Ni bora zaidi, na kwa meza ya kupangia sahani ninazifunga bila wasiwasi. Lakini hata hizo zina gololi ndani ya shingo, na gololi ina uwazi wake. Uwazi mdogo usioonekana chini kwenye shingo unakuwa mtikisiko unaouhisi wazi huku juu, sentimita 85 kutoka sakafuni. Mpira wa gurudumu nao unabonyea. Kwa kukata mchicha utavumilia. Kwa kukanda, au kuponda kitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha jiwe, hutavumilia.

Kisha kuna sakafu zetu. Picha za kwenye simu zimepigwa kwenye sakafu zilizonyooka kama kioo. Jiko la kwetu lina vigae vyenye mifereji kati yake, au sementi iliyosuguliwa kwa mkono, na mara nyingi fundi mwashi ameipa mteremko kuelekea kwenye tundu la maji ili deki ikipigwa maji yaondoke. Alifanya vizuri kabisa. Lakini juu ya sakafu hiyo meza ya magurudumu manne husimama kwa magurudumu matatu, na la nne linaning'inia. Ndiyo maana tunapochagua gurudumu hatugawanyi uzito wa meza kwa nne, tunagawanya kwa tatu. Meza ya kilo 90 pamoja na vitu vyake inataka kila gurudumu liweze kubeba kilo 30, sio 22 na nusu. Hesabu ndogo, lakini nimekwisha letewa meza tano za kutengeneza zilizopindika bamba la gurudumu, na zote zilifanyiwa hesabu ya nne.

Sasa nieleze ninavyotengeneza mimi. Jibu lipo mtaani na halikuanza na picha za ng'ambo. Tazama toroli la kubebea zege. Likisimama, linasimama kwa miguu miwili ya chuma na gurudumu moja, na mwashi anaweza kukorogea zege humohumo lisiende popote. Likihama, anainua mishikio, miguu inaachana na ardhi, gurudumu linabeba. Hakuna breki, kwa sababu haihitajiki. Kisiwa cha jikoni kifanye vivyo hivyo: kikifanya kazi kiwe juu ya miguu minne ya mbao, kikisafiri kiwe juu ya magurudumu mawili.

Magurudumu hayo mawili ni yale yasiyogeuka shingo, yenye kipenyo cha milimita 125, na ninayafunga upande mmoja wa meza, nje ya miguu kwa sentimita 10. Uso wa meza unayafunika kwa juu. Meza ikiwa imesimama, magurudumu hayagusi sakafu, yananing'inia milimita 3 juu yake. Upande wa pili kuna mshikio. Ukiinua mshikio, meza inalala kidogo kuelekea upande wa magurudumu, yanagusa chini, unaondoka nayo.

Hiyo nafasi ya milimita 3 ndiyo siri yote ya kazi, na ilinigharimu kuijua. Kisiwa changu cha kwanza cha namna hii nilikiachia sentimita nzima, nikidhani nafasi kubwa ni usalama zaidi. Miguu yangu ilikuwa imeachana mita moja. Fanya hesabu: magurudumu yako sentimita 10 nje ya mguu, na yanatakiwa kushuka sentimita 1. Basi upande wa mshikio, ulio mara kumi mbali zaidi, lazima upande sentimita 10 kabla magurudumu hayajagusa chini. Mama mwenye jiko aliinua, meza ikalala kama sahani inayomwagwa, na bakuli la mayai likaenda. Nilirudi na spana siku ileile. Kwa milimita 3 unainua sentimita 3 na magurudumu yameshashika. Ukipunguza zaidi ya hapo, vigae visivyo sawa vitalifanya gurudumu moja liguse wakati meza imesimama, na umerudi kwenye kutetereka. Kwa hiyo bamba la gurudumu nalitoboa matundu marefu ya bolti, ili nimalizie kipimo palepale kwenye sakafu ya mteja. Sikipimi karakanani tena.

Magurudumu madogo ya milimita 50 achana nayo. Mlango wa jikoni kwenda uani una kizingiti, hata kama ni cha sentimita 2, na gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 2 na nusu likikutana na kizingiti hicho linasimama kama limekutana na ukuta. Watu wa kwetu wanahamisha meza ya jikoni kwa sababu moja kubwa: kuna shughuli, masufuria yanapikiwa uani kwa kuni, na meza inatakiwa huko. Kwa sababu hiyohiyo upana wangu ni sentimita 60, upite mlangoni na vidole vyako visichubuke.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Ukiinua upande mmoja, mkono wako unabeba karibu nusu ya meza. Uso wa jiwe la graniti wa sentimita 120 kwa 60, unene wa sentimita 3, una kilo 58 peke yake, kabla hujatia hata mguu mmoja. Uso wa mbao za mtiki wa ukubwa huo, tena mnene zaidi, sentimita 4, hauzidi kilo 19 hivi. Fremu yangu ya mtiki ina kilo 22. Jumla 41, na mkononi unabeba kama ndoo ya maji ya lita 20. Kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ya bomba la uani ameshainua ndoo hiyo. Anayetaka jiwe nampa kipande cha jiwe cha sentimita 40 kwa 40, kilichokaa kwenye kitako chake juu ya mbao, kwa kusukumia chapati na kuwekea sufuria ya moto. Kinatoka, kinaoshwa, kinarudi.

Na ndiyo maana kisiwa lazima kiwe cha vipande. Watu wanadhani vipande ni mtindo, kama makochi ya kupangapanga. Hapana. Vipande ni uzito uliogawanywa. Chini ya uso kuna masanduku mawili yanayoteleza juu ya reli za mbao: moja la unga na nafaka, moja la sufuria na vibao. Likijaa, kila moja linafika kilo 25. Ukiacha yote mawili ndani unainua kilo 45 na mgongo utakusimulia jioni. Unayachomoa, unahamisha meza, unayarudisha. Yachomokee upande mrefu, kamwe yasielekee kwenye magurudumu, la sivyo meza ikilala yatajichomoa yenyewe. Mimi naweka na komeo dogo la mbao, hata hivyo.

Mbao nitazipitia haraka. Mimi niko Tanga, mtiki wa Longuza kule Muheza uko karibu, kwa hiyo natumia mtiki. Mninga nao ni mzuri sana, bei yake ndiyo tatizo. MDF na chipubodi, mbao za unga na vipande vya miti vilivyoshindiliwa kwa gundi, sizikaribishi jikoni panapopigwa deki kila siku: maji yanapanda kwa chini, ubao unavimba kama mkate uliolowekwa chai, na haurudi. Hata mguu wa mtiki nauvalisha kiatu cha mpira. Uso ufungwe kwa skurubu zinazopita kwenye matundu marefu, sio ya duara, kwa sababu mbao inatanuka kwa upana wake masika ikiingia, na ukiibana itajipasua yenyewe. Na jiko la gesi lisikae juu ya meza inayohama. Mpira wa gesi hauvutwivutwi, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini ndani ya kabati ikisubiri cheche. Hili sijadiliani na mteja.

Kimo cha meza kinanisumbua mpaka leo. Orodha za vipimo zinasema sentimita 90 na mafundi wengi wanazifuata kama sheria. Kwa mtu wa sentimita 158, kiwiko kiko karibu na sentimita 99 kutoka sakafuni. Kwa kukata, meza iwe sentimita 10 chini ya kiwiko, basi 90 inafaa. Kwa kukanda anahitaji kushuka sentimita 15 mpaka 20, yaani 79 mpaka 84, ili uzito wa mwili ufanye kazi badala ya mabega. Tena akiweka kibao cha chapati juu ya meza ameshapandisha kimo sentimita 3 bila kujua. Meza moja haiwezi kuwa na vimo viwili. Mimi natengeneza 84 na kumpa mteja ubao mnene wa kukatia, sentimita 5, aweke juu anapokata. Wapo wanaofurahi. Yupo mmoja, mrefu, aliyenirudia akilalamika mgongo, na nilimpa haki yake: nikamwongezea viatu vya miguu vya sentimita 4, kisha nikashusha magurudumu upya. Lakini nyumba ambayo mama ni mrefu na dada wa kazi ni mfupi, na wote wawili wanakanda, bado sijaipatia jibu linaloniridhisha.

Kuhusu mafuta ya kupaka uso, vitabu vinakataza mafuta ya kula kwa sababu yanachacha, na mimi huwaambia wateja watumie mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula. Ila bibi zetu wa pwani wamepaka miiko na mbuzi zao za kukunia nazi mafuta ya nazi maisha yao yote, na nimeshika mbuzi ya miaka 40 isiyo na harufu yoyote. Sina moyo wa kumwambia bibi amekosea.

Muundo huu wa toroli una udhaifu wake pia. Unahitaji nafasi ya kuzungusha. Jiko lenye upana chini ya mita 2 na nusu, meza ya sentimita 120 haigeuki vizuri, na hapo natengeneza ya sentimita 90 au namwambia mtu aweke meza ya kudumu na kuokoa fedha yake. Nimejaribu pia magurudumu manne yanayoshushwa kwa kukanyaga ubao wenye bawaba: raha kwa kuhamisha, ila bawaba zile zinalegea mapema, na bado sijapata za kuaminika.

Yule dada wa picha alikuja karakanani Jumamosi. Sikubishana naye. Nilikuwa na meza mbili, moja ya mteja mwingine iliyoletwa kutengenezwa, magurudumu manne yote yamekanyagwa breki, na moja yangu. Nilimpa donge la unga nikasema, "Dada, kanda." Alikanda ya kwanza mara tatu, meza ikamkimbia, akacheka. Akahamia ya pili, akasukuma kwa nguvu zake zote, kisha akainama kutazama chini kuyatafuta magurudumu yako wapi. Akapitisha ukucha kwenye ile nafasi ya milimita 3. Mbao za meza yake zimepangwa kwenye vijiti nyuma ya karakana zinakauka, na ameniambia ana sentimita 163.