Umeng'olewa Jino: Kikombe Ndiyo, Mrija Hapana

Mgonjwa akishang'olewa jino na kupewa pamba ya kuuma, swali linalofuata mara nyingi ni hili: "Daktari, soda naruhusiwa?" Kwa siku ya kwanza jibu ni hapana. Tunapenda ujue na sababu yake, maana ukiielewa utaweza kujijibu mengine mengi ukiwa nyumbani.

Jino likitoka huacha shimo kwenye mfupa wa taya. Damu hujaa humo na kuganda, na donge hilo la damu ndilo dawa ya kwanza ya kidonda: linafunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Siku ya kwanza bado ni laini, halijashika. Likichomoka, mfupa hubaki wazi, na kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 huja maumivu makali yanayopanda mpaka sikioni, pamoja na harufu mbaya mdomoni. Wengi hawapatwi na hali hii. Hutokea zaidi kwa waliong'olewa magego ya chini, na kwa wavuta sigara.

Kwa hiyo kinachotutia wasiwasi zaidi ni namna unavyokunywa. Kunyonya kwa mrija kunavuta donge lile kutoka shimoni. Dafu lina faida, lakini limimine kwenye kikombe. Maji ya chupa nayo yamimine, usiifyonze chupa. Kutema mate kwa nguvu kuna madhara yaleyale, na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanaona mate mekundu, wanaogopa, wanatema kila dakika, damu inazidi. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni ya kawaida. Yameze.

Pamba ikae dakika 30 hadi 45 bila kunywa chochote. Ukiitoa, anza na maji ya kawaida au ya baridi, kidogo kidogo. Chai na kahawa ya moto ziache kwa saa 24, kwa kuwa joto hutanua mishipa ya damu na kidonda huweza kuanza kutoka damu upya. Tena ganzi hukaa saa kadhaa, na mtu aliye na ganzi huungua mdomo bila kujua. Watoto wachungwe zaidi, maana hutafuna mdomo wao wenyewe wakidhani ni mchezo.

Njaa isikutese. Uji uliopoa, maziwa, mtindi, supu iliyochujwa na kupoa, juisi nzito ya parachichi au ndizi, vyote vinafaa. Mwenye kisukari asikae bila kula huku akiendelea na dawa zake. Ndimu, ukwaju na supu ya pilipili huchoma kidonda, viache siku chache. Soda nayo ina gesi, tindikali na sukari, hivyo isubiri.

Pombe tunaikataza kwa msisitizo. Wapo wanaosukutua kwa pombe kali wakiamini inaua maumivu na vijidudu. Inachoma nyama mbichi na kuchelewesha kupona. Ukiandikiwa metronidazole, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, usiguse pombe mpaka siku 3 zipite baada ya kumaliza dozi. Sigara na ugoro, angalau saa 72 bila kugusa. Ukiweza wiki nzima, afadhali zaidi.

Maji ya chumvi ni mazuri, ila yana wakati wake. Usisukutue kabla ya saa 24. Baada ya hapo, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, yaweke mdomoni, inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo yamwagike yenyewe. Fanya hivyo kila baada ya kula.

Damu ikianza tena, kunja pamba safi, iweke juu ya shimo na uiume kwa nguvu dakika 30 mfululizo bila kuchungulia. Isipokoma, rudi kituoni hata kama ni usiku. Rudi pia ukipata homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya 3, au maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakapanda upya. Ukishindwa kumeza mate au kupumua vizuri, usisubiri kupambazuke.