Askari wa miguu wa nchi kavu, wa majini na wa anga: bunduki moja, kazi tofauti

Juzi nilikuwa na wanafunzi pwani ya Mikindani, kijana mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, mwalimu, kama mwanamaji naye anabeba bunduki na kutembea nchi kavu, sasa anatofautiana nini na askari wa miguu? Swali zuri sana, na watu wazima wengi wanalo, so naliandikia hapa maana kufundisha historia ya majeshi ndo kazi yangu pale kituoni kwetu.

Ukiwaangalia tu wanafanana, bunduki, buti, hata vikundi vyao, seksheni, platuni, kombania. Tofauti iko kwenye kazi aliyoandaliwa. Askari wa miguu wa nchi kavu anachukua eneo na kulikalia, wiki, mwezi, hata mwaka, ndo maana nyuma yake kuna mizinga, vifaru na malori ya chakula.

Wa majini, hawa wanaoitwa marini, wanatoka melini kufungua mlango, yaani kuuteka ufukwe kwanza. Wavuvi wa Msangamkuu wananielewa haraka hapa: umeshuka kwenye mtumbwi, maji kiunoni, tenga kichwani, chini mwamba unateleza, unaweza kukimbia wewe? Haya, weka bunduki badala ya tenga na mtu anakupiga risasi kutoka ufukweni. Kule Tarawa, Bahari ya Pasifiki, tarehe 20 Novemba 1943, marini wa Marekani walishuka kipindi cha maji mafu, maji hayakupanda vya kutosha, boti nyingi zikakwama kwenye mwamba wakabidi watembee majini mamia ya mita, na ndani ya siku 3 walikufa Wamarekani kama 1,000 hivi. Tena hao walikuwa wamesomea. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishusha watu kama 8,000 kutoka India, askari wa nchi kavu waliochoshwa na safari ya meli, wakapigwa na jeshi la Mjerumani la watu kama 1,000 tu. Kwa hiyo kubebwa na meli hakukufanyi marini jamani.

Kwetu marini tumewaona pia, Januari 1964 wanajeshi walipoasi Dar, marini wa Uingereza walitoka kwenye meli Centaur kwa helikopta wakatua kambi ya Colito, ndo Lugalo ya leo. JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huohuo.

Jeshi la anga nalo lina watu wa miguu, hili huwa linawashangaza wengi. Mei 1941 kisiwani Krete, askari wa miamvuli wa Ujerumani, ambao walikuwa chini ya jeshi la anga, waliuteka uwanja wa ndege wa Maleme, ndege zikaanza kushusha wenzao na kisiwa kikaenda. Uingereza ikajifunza kwa uchungu, Februari 1942 jeshi lake la anga likaunda kikosi chake cha miguu cha kulinda viwanja.

Na usidanganywe na beji, Ufaransa kuna vikosi vina alama ya nanga kabisa lakini ni vya jeshi la nchi kavu.

Yule kijana akauliza tena, kwa hiyo baharia hawezi kuwa askari wa miguu? Anaweza, akilazimika. Meli ya Mjerumani Königsberg ilipokufa Rufiji Julai 1915, mabaharia wake waling'oa mizinga wakaikokota porini, wakapigana nchi kavu wakiwa mbali kabisa na bahari.