Koleji ya Oxford au Cambridge ni nini, na kuichagua kuna uzito gani?

Ukishaandika kozi kwenye fomu ya UCAS (mfumo wa pamoja wa kuomba shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Uingereza) ya kuomba Oxford au Cambridge, unaulizwa jambo jingine ambalo vyuo vingi vya Uingereza havina haja nalo: unataka koleji ipi? Waombaji wengi kutoka kwetu hukwama hapo, na si ajabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki, lakini ndaki za Mlimani zimegawanywa kwa fani. Anayesoma uhandisi yuko Ndaki ya Uhandisi, basi. Kozi ndiyo inayompeleka. Hata kile Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki cha 1963 hadi 1970 kilikuwa na mtindo huohuo: miaka ya mwanzo, mwenye kutaka udaktari alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam.

Koleji ya Oxford au Cambridge haifuati fani. Ni jumuiya ya wanafunzi na walimu wa masomo mchanganyiko, yenye majengo yake, ukumbi wa chakula, maktaba, fedha zake na uongozi wake. Anayesoma hisabati anapakana chumba na anayesoma Kiarabu. Cambridge ina koleji 31, kongwe kuliko zote ikiwa Peterhouse ya mwaka 1284. Oxford nako zimepita 30. Mihadhara, maabara, mitihani na shahada ni kazi ya chuo kikuu. Koleji inakupa kitanda, chakula, mtu wa kumwendea ukiugua au ukiishiwa, na kwa wa shahada ya kwanza, vile vipindi vidogo ambamo mwanafunzi mmoja au wawili hukaa na mwalimu na kutetea insha walizoandika wiki ile.

Si kila koleji iliyo mjini Oxford ni ya Chuo Kikuu cha Oxford, na hapa watu huchanganya. Tom Mboya alisoma Ruskin College mwaka 1955–56. Ruskin iko Oxford kweli, lakini ilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya kuwasomesha wafanyakazi, nje ya chuo kikuu. Ali Mazrui wa Mombasa, kwa upande wake, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1966 kupitia Nuffield, ambayo ni koleji ya chuo kikuu, ila ni ya sayansi za jamii na haipokei wa shahada ya kwanza.

Sasa swali ambalo kila mwombaji analo moyoni: ipi ni rahisi kuingia? Watu hukesha na majedwali ya waombaji na nafasi, wakitafuta mlango usio na foleni. Kazi bure, kwa sababu mbili. Kwanza, hesabu zenyewe ni ndogo. Tuseme koleji inachukua watu wanne wa historia kwa mwaka. Wakiomba kumi na wawili mwaka huu, jedwali likasomwa na wajanja wote, mwakani wanaweza kuomba thelathini. Pili, mfumo umewekwa makusudi kusawazisha jambo hilo. Oxford, walimu wa somo moja kutoka koleji mbalimbali hulinganisha waombaji wao, na mtu mzuri aliyeangukia koleji iliyojaa hupelekwa kusailiwa na nyingine. Cambridge wana kitu wanachokiita bwawa: koleji ikiona mwombaji anafaa lakini haina nafasi, humtia humo, na mwezi Januari koleji nyingine huvua. Kila mwaka wapo wengi wanaopokea barua ya kukubaliwa kutoka koleji ambayo hawakuiandika kwenye fomu, na wanasoma vizuri tu.

Ipo njia ya kutochagua kabisa, yaani maombi ya wazi. Chuo kinakupangia koleji ambayo kozi yako haijapata waombaji wengi mwaka huo, na kuanzia hapo unahesabiwa sawa na aliyeichagua. Haikupunguzii nafasi wala haikuongezei. Ila ukishapangiwa, huwezi kurudi kusema hii siitaki. Mimi naiona inamfaa mtu ambaye popote kwake ni sawa, na mwanafunzi anayetoka mbali mara nyingi si mtu huyo.

Vichujio vya wazi vimalizwe kwanza. Si kila koleji inapokea watu wa kila kozi. Newnham na Murray Edwards za Cambridge ni za wanawake. Wolfson, Hughes Hall na St Edmund's za Cambridge, na Harris Manchester ya Oxford, huchukua wa shahada ya kwanza wenye miaka 21 na kuendelea, jambo zuri kwa aliyekwishafanya kazi kwanza na hataki kulala ukuta kwa ukuta na vijana wa miaka 18.

Baada ya hapo, acha kutazama picha za minara na bustani. Tazama likizo. Muhula wa masomo Oxford na Cambridge ni wiki nane, na mihula ni mitatu. Fanya hesabu uone wiki zinazobaki katika mwaka. Koleji nyingi humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza aachie chumba muhula unapoisha, na vitu vyake vyote, kwa kuwa chumba hicho hukodishwa kwa wageni wa mikutano. Mwenzako wa Birmingham baba yake anakuja na gari Jumamosi asubuhi, wanapakia godoro na vyungu, saa sita mchana wameshaondoka. Wewe wa Tanga umesimama koridoni na masanduku mawili, ni Desemba, na nauli ya ndege imepanda. Kwa hiyo iandikie ofisi ya udahili ya koleji kabla ya kuomba: mwanafunzi wa kimataifa anaruhusiwa kubaki likizo? Kwa bei gani kwa usiku? Mizigo inawekwa wapi? Kuna jiko la kupikia, au ukumbi ukifungwa Krismasi mtu anajitafutia mwenyewe? Nyumba ni ya miaka yote ya kozi au mwaka wa kwanza tu? Koleji zinajibu barua pepe za namna hii, na jinsi zinavyojibu nako kunasema kitu.

Fedha nazo zinatofautiana. Cambridge, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetoka nje ya Uingereza hulipa ada ya koleji juu ya ada ya chuo kikuu, na kiasi chake hakilingani kila mahali. Umbali pia si jambo la kudharau: Girton iko takriban kilomita 4 kutoka katikati ya mji, na Msikiti Mkuu wa Cambridge uliofunguliwa mwaka 2019 uko Mill Road, upande wa pili kabisa. Kwa baiskeli unafika, lakini Ijumaa ya Januari yenye mvua na upepo utaujua urefu wa njia.

Fomu ya shahada ya kwanza hufungwa 15 Oktoba, na mwaka mmoja huwezi kuomba Oxford na Cambridge zote mbili.

Kwa wanaoomba uzamili au uzamivu, jambo hili ni jepesi zaidi. Idara ndiyo inayoamua kama unafaa, bila kujali koleji uliyoandika, na Oxford kila aliyekubaliwa na idara huhakikishiwa nafasi katika koleji fulani. Andika unayoipenda kwa sababu za malazi na ufadhili, kisha nguvu zako zipeleke kwenye andiko la utafiti. Barua ya idara huja kwanza, ya koleji hufuata, pengine baada ya wiki kadhaa, na ukimya huo wa katikati si dalili ya kukataliwa.