Utitiri kwenye nyanya: yanayosemwa vinyunguni na ukweli wake

Mvua zikikatika na vinyungu, yaani bustani za mabondeni za kiangazi, vikijaa nyanya za kumwagilia, kuanzia Ilula hadi mabonde ya Mbeya utasikia kilio kimoja: majani yanapauka, yanajaa vidoa vya njano, kisha mmea unababuka wote. Ushauri wa haraka haukosekani, na mwingi ni wa kupoteza hela.

“Huo ni ukungu, piga mankozebu.” Geuza jani kwanza. Chini yake utaona utando mwembamba na nukta zinazotembea. Kama macho hayakusaidii, gonga jani juu ya karatasi nyeupe, usubiri kidogo. Nukta zikianza kujivuta, huyo ni utitiri, na kila kidoa cha njano ni mahali alipotoboa akanyonya. Mankozebu ni dawa ya ukungu. Haikuondolei tatizo hilo, ila inawadhuru utitiri rafiki wanaomla.

“Mdudu ni mdudu, dawa ya kantangaze itammaliza.” Kantangaze ni kiwavi wa nyanya, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Utitiri mzima ana miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, na dawa nyingi za viwavi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zile za kundi la pairethroidi, kama saipamethrini na lambda-sihalothrini, ndizo mbaya zaidi: zinawafyeka wanaomla, yeye anabaki. Kukiwa na joto la nyuzi 30 hivi, yai linafikia utitiri mzima kwa takriban wiki moja, kwa hiyo muda si mrefu shamba linakuwa baya kuliko kabla ya kupiga. Mkulima anaongeza kipimo, anarudi dukani, anapewa chupa nyingine. Utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, ameshakuwa sugu duniani kwa viambato vya dawa zaidi ya 90.

“Basi tutumie pareto, ya asili haidhuru wadudu rafiki.” Naelewa mvuto wake, maana pareto, ua linalotoa dawa ya wadudu, tunailima wenyewe Mufindi, Njombe na Mbeya. Ni kweli sumu yake inavunjika upesi juani, na hiyo ni sifa nzuri. Lakini ikimpata mdudu haichagui. Nyuki anakufa, na rafiki zako wengine pia. Hizo pairethroidi zenyewe zilibuniwa kwa kuiga kemikali ya pareto.

“Utitiri wote ni adui.” Hapana. Kuna familia nzima ya wawindaji, Phytoseiidae, na ukishamzoea mmoja humpotezi: umbo la tone, mwili unang'aa, na mbio. Yule mharibifu anajikokota kwenye utando wake, huyu anakimbia huku na huku akitafuta. Hana macho, anategemea harufu na kupapasa. Majani ya maharage yakishambuliwa hutoa harufu inayomvuta mwindaji aje. Watafiti wa Uholanzi walilionyesha hilo miaka ya 1980. Phytoseiulus persimilis jike anaweza kula mayai 20 hivi kwa siku. Mawindo yakiisha hageukii mazao: anahama, au anakufa njaa.

“Kumbe dawa ni kuagiza hao na kuwamwaga shambani.” Taratibu. Persimilis anafanya kazi nzuri kwenye mabanda ya kulimia mboga (greenhouse) dhidi ya utitiri wa madoa mawili. Lakini nyanya za Afrika Mashariki zina mgeni mwingine kutoka Amerika Kusini, utitiri mwekundu Tetranychus evansi, na persimilis hastawi akimla huyo. Vinyweleo vya nyanya navyo vina gundi, vinamnasa. Aliyeonyesha uwezo kwa evansi ni Phytoseiulus longipes wa Brazil. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mwindaji, mjue unayemwindia.

“Kuleta mdudu mgeni ni kuleta balaa.” Hofu hii ina msingi. Australia waliingiza chura mwaka 1935 ili ale mbawakawa wa miwa, leo chura ndiye tatizo. Ila chura anakula karibu chochote kinachoingia mdomoni, na ndiyo sababu wataalamu wa sasa humpima mdudu kwanza waone anakula nini na asichokula. Utitiri wa kijani wa mihogo alionekana Uganda mwaka 1971, akasambaa barani. Mwaka 1993 IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, ilimwachia huko Benin mwindaji kutoka Brazil, Typhlodromalus aripo. Mchana anajificha kwenye ncha changa za mhogo, usiku anashuka kuwinda majanini. Ameenea nchi nyingi za Afrika na mihogo hajaigusa. Kwetu Tanzania, kuingiza kiumbe wa namna hiyo kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, si kitu cha kubeba kwenye begi kutoka safari.